Vikikubali, Nakaa

Kituoni walimwita Rula, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupima mimea: anainama, anasimamisha rula ya mbao kando ya shina, anasoma, anaandika, anahamia shina linalofuata. Kituo chao cha utafiti wa mazao kilikuwa na mashamba matatu. Moja lilikuwa chini, huku kwenye joto, pembeni ya mji. La pili lilikuwa katikati ya mteremko, na la tatu juu kabisa, ambako asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi. Mbegu zilitoka gunia moja, zikapandwa siku moja, zikatiwa mbolea ileile. Kilichotofautiana ni urefu wa mahali tu, na hicho kimoja kilitosha kuvuruga kila kitu. Maharage yaliyokomaa chini kwa miezi miwili na nusu yalitaka karibu minne kule juu. Kabichi iliyofunga kule juu ikawa ngumu, ukiigonga inaitika, huku chini ilitanua majani tu kama mtu anayepiga miayo, na kufunga haikufunga ng'o.

Rula aliyajua hayo hata ukimwamsha usingizini. Ndiyo maana siku Mama yake alipoteremka kwenye gari la kaka yake, ameukumbatia mfuko wa viazi vya mbegu, Rula alijua mwisho wake hata kabla hajasema shikamoo.

Mama alikuwa ameishi juu maisha yake yote, miaka sabini na moja, na viazi vilikuwa ndiyo kazi yake na fahari yake. Sasa daktari alikuwa amesema ashuke. Moyo wake ulikuwa umechoka. Kule juu hewa ni nyepesi, na kila pumzi moyo unalazimika kufanya kazi ya pumzi mbili. Akikaa chini anaweza kuishi miaka mingi tu. Akirudi juu, daktari alisema, yeye hatoi ahadi. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, kisha walipofika kwenye gari akamwambia mwanawe wa kiume kwamba yule daktari ana mikono laini mno, haonekani kama amewahi kushika jembe.

Basi akashuka, lakini kwa masharti yake. Aliyatoa siku ileile uani kwa Rula, mbele ya watoto wake wote wawili, bado amevaa sweta zito la sufu na jasho linamtiririka.

"Nitapanda viazi vyangu hapa," alisema. "Vikikubali, nakaa. Vikikataa, baada ya miezi mitatu kaka yako anakuja kunichukua, na asiniletee mtu hadithi za daktari."

Ukiwa mkulima unalijua neno hilo. Zao likistawi mahali, watu husema limekubali, kana kwamba liliulizwa kwanza likafikiri. Kaka mtu, ambaye alikuwa akiendesha gari la maziwa na hakuwa mtu wa maneno mengi, alimtazama dada yake. Rula akajikaza.

"Mama, viazi hivi huku havizai. Mimi ndiyo kazi yangu. Nimepima."

"Umepima viazi vyangu?"

"Vyako hapana, lakini..."

"Basi nyamaza, nipe jembe."

Akapanda mashina kumi na mawili kwenye mstari mmoja, kando ya ukuta. Rula alisimama akimwangalia, na kichwani alikuwa ameshaandika matokeo.

Wiki za mwanzo zilikuwa za vichekesho. Mama alibandika maharage asubuhi kama alivyozoea, akayaacha yachemke mpaka mchana, kwa sababu kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha na maharage hugoma kuiva. Huku chini yaliiva mapema, yakaendelea kuiva, yakapita kuiva. Rula aliporudi kazini alikuta uji wa maharage. Mama aliukoroga kwa mwiko, akauonja, akasema maharage ya huku hayana msimamo. Sweta nalo hakulivua. Alilivaa sokoni, alilivaa zahanati, mpaka watu wa mtaa wakamwita Bibi Sweta, naye akaitika bila kinyongo. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alimshonea gauni jepesi la mikono mifupi. Mama alishukuru sana, akalivaa juu ya sweta.

Lakini Rula, aliyezoea kuona mabadiliko madogo ambayo wengine huyapita, aliona mengine. Mama alipofika alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kiatu hakiingii. Baada ya wiki tatu ilibaki mito miwili. Kisha mmoja. Mchana Mama alipopitiwa na usingizi kwenye kochi, Rula alisimama mlangoni na saa yake mkononi akihesabu jinsi kifua kinavyopanda na kushuka. Ishirini na nane kwa dakika, siku ya kwanza. Ishirini na tatu. Kumi na nane. Hakuandika popote, ila kila namba ilimkaa moyoni, na siku namba ilipofika kumi na nane aliingia bafuni akafungulia bomba ili asisikike akilia.

Maana Rula naye alikuwa na lake. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Sasa mtu alikuwa akimgombeza kwa kuacha vyombo, akimuuliza amekula nini kazini, akimfungulia mlango kabla hajatafuta ufunguo. Alimtaka Mama akae. Alimtaka kama mtoto anavyomtaka mama yake, hakuna njia nyingine ya kulisema. Na hakulisema. Kwao watu hawakulelewa kuombana. Ukimpenda mtu unampa kitu, unamfulia nguo, unamtandikia kitanda, na yeye ajue mwenyewe. Tena kumwambia mama mzima aache nyumba aliyoolewa, shamba lake na kaburi la mumewe, kwa sababu bintiye mpweke? Rula aliliona hilo ni ubinafsi mtupu. Akaendelea kutandika kitanda.

Na viazi? Hapo ndipo palikuwa na mkosi. Viazi vilinawiri. Vilipanda vikapita goti, vikafika kiunoni, majani tele, kijani mpaka wapita njia wanasimama ukutani kuchungulia. Kila Jumapili Mama alimwita bintiye aje na rula yake.

"Soma kwa sauti."

"Sentimita themanini na nne."

"Na vya shamba lenu la juu, vya umri huu?"

"Hamsini hivi."

"Hamsini," Mama aliwaambia waliosimama ukutani, na huyo akaingia ndani kwa mwendo wa mshindi.

Rula alibaki ameinama pale, rula mkononi. Urefu ule ndio uliokuwa habari mbaya. Kiazi hutengeneza chakula chake mchana kwa jua, na usiku ukiwa wa baridi mmea hutulia, unakipeleka chakula kile chini ya ardhi kikawe akiba. Hiyo akiba ndiyo kiazi chenyewe. Usiku ukiwa wa joto mmea haulali vizuri. Unapumua kwa nguvu, unakula ulichochuma, na kidogo kinachobaki unakimalizia kwenye shina na majani. Unarefuka kwa sababu hauweki kitu. Huku chini hakukuwa na usiku wa baridi hata mmoja. Urefu uleule wa mlima uliovipa viazi akiba ndio uliomnyima Mama pumzi, na Rula hakujua amlalamikie nani. Alijaribu mara moja kumweleza Mama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anaona wivu.

Wiki ya mwisho Rula aliingia sokoni baada ya kazi, akasimama mbele ya meza ya viazi. Vilikuwa vizuri, vilivyoteremshwa kutoka juu. Akaokota kimoja, cha pili, cha tatu, akawa anachagua vya saizi tofauti tofauti kama shina linavyozaa. Halafu akashtuka anachokifanya. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuongeza hata nusu sentimita kwenye daftari lake, wala kwa kumfurahisha mkubwa. Na hata kama angethubutu, angemdanganya nani? Mwanamke aliyechimba viazi kwa miaka hamsini? Mama angekishika kimoja tu akajua, na angeondoka akiwa amekasirika juu ya kushindwa. Akavirudisha mezani, akamwomba radhi muuzaji, akaenda zake mikono mitupu.

Ijumaa jioni alimkuta Mama amemwagilia bustani. Alishangaa kidogo, kwa sababu viazi vinavyokaribia kuchimbwa havimwagiliwi, na aliyemfundisha hivyo ni Mama mwenyewe. Akajiambia ni uzee. Mama alikuwa ameoga, amekaa mlangoni na gauni lake jepesi, na kwa mara ya kwanza sweta lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa. Rula aliona hiyo ndiyo safari yenyewe inaandaliwa.

Kaka alifika Jumamosi asubuhi na gari lake la maziwa. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaulizia afya, akasifia jinsi uso wa Mama ulivyotakata, kisha akaweka kikombe chini, kwa sababu alijua amefuata nini.

"Haya," Mama alisema, akaketi kwenye kigoda mbele ya mstari wake wa viazi. "Chimbeni. Msitumie jembe, mtanikatia. Tumieni mikono."

Rula alipiga magoti kwenye shina la kwanza. Alikuwa na maneno tayari, ameyapanga usiku kucha: Mama, si kosa lako, ni joto tu. Akaingiza vidole kwenye udongo.

Vidole vikagusa kiazi.

Akakitoa. Akaingiza tena mkono, akatoa cha pili, cha tatu, cha saba. Kaka yake, kwenye shina la pili, alikuwa naye anatoa, huku anacheka peke yake kama aliyefunguliwa mzigo kifuani. Fundi cherehani alisimama kwenye kiti chake upande wa pili wa ukuta akapiga vigelegele. Shina la tatu, vitano. La nne, sita. Viazi vikawa vinarundikana kwenye karai.

Rula alikuwa ameacha kuchimba. Alikaa juu ya visigino vyake, ameshika kiazi kimoja, anakitazama. Kiazi kilichotoka ardhini sasa hivi kina ngozi laini. Ukikisugua kwa dole gumba inabanduka kama karatasi iliyolowa. Alikisugua hiki. Ngozi iligoma. Ilikuwa imekauka, imekomaa, ngozi ya kiazi kilichokaa gunia wiki kadhaa. Kwenye macho ya kiazi, pale machipukizi hutokea, kulikuwa na udongo mweusi, na uani kwake kulikuwa na mchanga mwekundu. Akavuta shina zima, akaangalia mizizi: nyuzi nyembamba, basi, hakuna hata kikamba kimoja ambacho kiazi kinaweza kuning'inia. Halafu kwenye karai akaona kimoja chenye jeraha la jembe. Jeraha lenyewe lilikuwa limepona, limefunga kovu. Kiazi kilikuwa kimekatwa na jembe na kupona kabla ya kuchimbwa hapa leo.

Kaka naye alikuwa ameacha kucheka. Hakuna aliyekulia kule juu asiyejua kiazi kilichotoka ardhini. Alisugua chake kwa dole gumba, akasogea kwa magoti mpaka kwa dada yake, akanong'ona bila kufungua meno.

"Dada. Umevinunua wapi?"

"Sio mimi."

"Acha masihara. Ungetafuta japo vyenye udongo wa hapa."

"Kaka, sio mimi. Nilikwenda nikavirudisha."

Walitazamana. Kisha wote wawili, polepole, wakageuza vichwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka, amejitia hamnazo, anaangalia mawingu ambayo hayakuwepo. Kucha zake zilikuwa na mchanga mwekundu uliogoma kutoka hata kwa kuoga.

"Mbona mmeacha?" aliuliza, bado anaangalia juu. "Kuna mashina mengine manane."

Wakachimba yote manane. Rula alichimba machozi yakimlengalenga na kicheko kikimjia, hajui kipi kitangulie, na kila kiazi alichokitoa alikipangusa mchanga kwa makini kana kwamba ni yai. Aliwaza jinsi mwanamke yule, aliyepanda viazi vya kulisha watu wa mlima mzima, alivyolazimika kupiga magoti mchana wa jua kali kando ya ukuta, hapana mtu nyumbani, akipanda viazi vya kununua. Aliwaza fahari iliyomgharimu. Na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata maishani.

"Vimekubali," Mama alitangaza karai lilipojaa. "Mimi ni mtu wa neno langu. Rudi peke yako, mwanangu, uwasalimie. Shamba alime mkeo, asije akaacha magugu tu."

"Sawa, Mama," kaka alisema, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa, ila sauti ndiyo ilimsaliti.

Akapewa viazi kumi awapelekee watoto kama ushahidi. Viazi vikapanda tena mlima vilikotoka.

Gari lilipokata kona, Rula aliingia jikoni. Mama alikuwa amesimama mezani anamenya vilivyobaki, maganda membamba, bila kuangalia kisu. Rula alichukua kisu kingine akasimama upande wa pili wa meza. Walimenya viazi vitatu vinne hivi.

"Mama, msimu ujao tupande bamia."

"Kwani viazi vina kosa gani?"

"Havina kosa. Vinachosha, kuvipanda mara mbili."

Kisu cha Mama kilisimama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Rula akaona kwamba anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa gauni, na pumzi hazikumwishia.

"Ni kile chenye kovu la jembe," alisema. "Nilikiona. Nikasema hiki nikitupe, halafu nikasema aa, nitakiweka chini kabisa, hawatafika."

"Ngozi pia, Mama. Na udongo."

"Ngozi nilijua. Nilitegemea mtakuwa na furaha mno kuangalia ngozi."

Rula aliweka kisu chini. "Kwa nini hukusema tu kwamba unataka kukaa?"

"Kwa nini wewe hukusema unataka nikae?" Sauti ya Mama ilikuwa imebadilika, haikuwa na mzaha tena. "Nimekusubiri, mwanangu. Wiki ya kwanza nikasema bado ananizoea. Ya pili, ya tatu. Unanipimia viazi, unasimama mlangoni na saa unanihesabia pumzi, unadhani nimelala? Lakini neno lenyewe hulitoi. Nikawaza labda nimemjazia nyumba, ananivumilia kwa sababu ya daktari. Mtu hawezi kukaa mahali kwa sababu ya daktari. Anakaa anakotakiwa. Halafu siku zikaisha, na viazi vyangu nilikuwa nimeshafukua shina moja nikaona halina kitu, na mdomo wangu mimi nilikuwa nimeshaufunga kwa maneno yangu mwenyewe. Ningefanyaje?"

Rula alisimama pale na mikono yenye wanga wa viazi. Aliona aibu, na aliona huruma, na zaidi ya yote aliona jinsi wanawake wawili walivyokaa miezi mitatu chini ya paa moja wakisubiriana.

"Mama, kaa," alisema.

Mama alivuta kigoda kwa mguu, akaketi. "Nimekaa."

"Sio hivyo."

"Basi sema vizuri. Mimi mzee, sisikii vitu vya nusunusu."

Rula alipangusa mikono. "Nataka ukae na mimi. Sio kwa ajili ya moyo wako. Kwa ajili yangu. Usipokuwepo, naongea na redio, Mama. Inasoma taarifa ya habari, mimi naijibu."

Mama alikata kiazi vipande vinne, akavitia kwenye sufuria jikoni, akanyoosha mkono akaomba chumvi. Rula alipompa, Mama aliushika mkono wake pamoja na chumvi yake, na hakuuachia mpaka maji yalipochemka.